Pikipiki uani kwetu: Amana inayodai spana kabla ya mapambo

Wasomaji wa kurasa hizi za familia wamezoea kukuta hapa mada za malezi, ndoa, mirathi na afya ya mama na mtoto. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuwapeleka uani, mahali ambapo katika nyumba nyingi za miji yetu husimama pikipiki ya kijana wa nyumba hiyo. Huenda ikaonekana kuwa jambo hili ni la gereji, si la gazeti la Waislamu. Nasi tulidhani hivyo, mpaka lilipotufikia katika chumba cha kamati ya msikiti.

Shauri lililotufikia

Miezi kadhaa iliyopita, hapa Tanga, kamati yetu ilipokea shauri ambalo halikuwa la ndoa wala la mirathi. Kijana mmoja wa jamaa yetu, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa amenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, ya lile umbo la mashindano ambalo vijana huliita "sporti". Aliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokitolea jasho. Kila Jumapili aliitoa uani akaiosha na kuing'arisha, na kila alipopata fedha kidogo aliongeza kitu au akapunguza kitu. Miongoni mwa alivyovipunguza ni kifuniko cha cheni na ile kinga ya vyuma iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Kwa maneno yake mwenyewe, vitu hivyo vilikuwa vinaizeesha.

Usiku mmoja baada ya Isha, shangazi yake alitoka katika darasa la kina mama, akamwomba ampeleke nyumbani. Alikaa upande, kama kina mama wetu wengi wanavyokaa kwa kuchunga staha. Hawakufika mbali. Ncha ya buibui iliingia katikati ya cheni na gurudumu, ikavutwa, na mama yule akaangushwa chini na kuburutwa hatua chache. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu (s.w.t.) mwendo ulikuwa mdogo, na nguo ikachanika kabla ya kumkaba. Alivunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja, akafungwa plasta kwa wiki sita.

Lililofuata lilikuwa zito kuliko mfupa. Watoto wa mama huyo walitaka pikipiki iuzwe ili fedha zake zilipie matibabu. Baba wa kijana, ambaye ni kaka wa mama aliyeumia, alisema kuwa lililotokea ni kadari na hapana wa kulaumiwa. Ndugu waliokuwa wakila katika sinia moja kila Idd wakawa hawaamkiani hata mlangoni pa msikiti.

Shekhe wetu alizisikiliza pande zote bila kumkatiza mtu. Kisha akamgeukia kijana na kumuuliza jambo moja tu: "Ile kinga ilianguka yenyewe, au ilifunguliwa kwa spana?" Kijana akainamisha kichwa, akajibu, "Ilifunguliwa kwa spana, Shekhe." Suluhu ilianzia hapo.

Shekhe alieleza kwamba kuamini kadari ni nguzo ya imani, na hakuna linalotokea ila Mwenyezi Mungu amelikadiria. Hata hivyo kadari haikuwekwa iwe pazia la kuficha uzembe. Alimkumbusha baba wa kijana kisa cha yule mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Wanazuoni wa fiqhi wameweka wazi kuwa anayesababisha madhara kwa uzembe ana dhamana ya alichokiharibu, hata kama hakukusudia.

Ikakubaliwa kwamba pikipiki isiuzwe, kwa kuwa ndiyo inayompa kijana riziki, lakini alipe gharama za matibabu kidogo kidogo kila mwezi, na asipakie mtu mpaka kinga na kifuniko cha cheni virudi mahali pake. Ndipo mzee mmoja katika wajumbe wa kamati akatugeuzia sisi swali. Je, kuna yeyote katika sisi aliyewahi kumfundisha kijana huyu namna ya kuitunza pikipiki, au sote tulimpongeza tu siku alipoinunua? Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tulimwomba fundi mmoja mtu mzima, mswalihina wa safu ya mbele, akae na vijana wetu asubuhi za Jumamosi. Tulikaa nao. Haya tunayoandika ni yale tuliyojifunza pale, mikono ikiwa imejaa masizi.

Chombo nacho kina haki

Waliotutangulia walipanda ngamia, farasi na punda, na mafundisho ya dini yetu juu ya wanyama hao ni mengi. Wasibebeshwe kupita uwezo wao, wasiachwe na njaa, wapumzishwe. Imepokewa kuwa masahaba walipotua safarini hawakuanza kuswali sunna kabla ya kuwatua wanyama wao mizigo. Pikipiki haina roho wala haisikii maumivu. Lakini anayeipanda ana roho, na anayekutana nayo njiani ana roho. Kuitunza ni kuzitunza roho hizo.

Fundi wetu alianza kwa kuweka mpaka. Si kila kazi ni ya nyumbani. Kufungua injini, kurekebisha valvu, kubadili beringi za magurudumu, kufungua shokapu za mbele na kuondoa hewa katika mfumo wa breki za mafuta ni kazi za mwenye ujuzi na zana zake. Kazi za uani ni usafi, cheni, oili, upepo wa matairi, chujio la hewa, kukaza nati zilizolegea, na zaidi ya yote kukagua. Anayekagua kila wiki humpelekea fundi tatizo likiwa bado dogo.

Zana zake si nyingi. Seti ya spana, bisibisi mbili, koleo, kipimo cha upepo, brashi ngumu, beseni la kumwagia oili na glavu vinatosha. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kitabu cha maelekezo cha pikipiki yenyewe, kwa sababu vipimo hutofautiana baina ya aina na aina, na hicho ndicho hakimu. Pikipiki za sporti zina jambo la ziada, nalo ni ile mikanda mipana ya plastiki inayoifunika injini. Bolti zake ni nyingi na hazilingani urefu. Fundi alitufundisha kupiga picha kwa simu kabla ya kufungua, kisha kuweka bolti za kila upande katika kikombe chake. Bolti ndefu ikiingizwa mahali pa fupi hupasua plastiki au kugusa kisichopaswa kuguswa.

Cheni

Cheni ndiyo iliyomwangusha mama yetu, basi tuanze nayo. Katika pikipiki nyingi inapaswa kuwa na ulegevu wa kama milimita 20 hadi 30 ikipimwa katikati ya upande wa chini, lakini tena tunasema kitabu ndicho hakimu. Vijana wengi huikaza mpaka iwe kama uzi wa upinde, wakidhani kwamba ndiyo imara. Hilo ni kosa. Mtu anapopanda, hasa akiwa na abiria nyuma, shokapu hubonyea na cheni huzidi kukazika. Ikiwa haikuachiwa nafasi, itakula meno ya sproketi na kuumiza beringi. Ikilegea kupita kiasi nayo, huweza kuchomoka na kulifunga gurudumu katikati ya mwendo.

Ulegevu upimwe sehemu kadhaa huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, kwa kuwa cheni iliyotumika haichakai sawasawa, na kipimo kifuatwe pale inapokaza zaidi. Wakati wa kurekebisha, nati ya ekseli hulegezwa kwanza, kisha vikazio vya pande zote mbili huzungushwa kwa kiasi kilekile, kwa kufuata alama zilizochorwa pembeni. Gurudumu likikaa upande, pikipiki itavuta upande na cheni italika haraka. Nati ikishakazwa barabara, kanyagio la breki ya nyuma likaguliwe upya, kwani gurudumu limesogea.

Usafi wa cheni hufanywa kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kitambaa kikavu, kisha oili ya gia hupakwa kwa upande wa ndani unaogusa sproketi. Petroli isitumike, kwa kuwa hukausha na kuharibu vile vipete vya mpira vilivyomo katika cheni nyingi za kisasa, na pia ni hatari ya moto. Kazi hii irudiwe kila baada ya kilomita 500 hivi, na kila baada ya mvua kubwa. Na cheni inapochakaa hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno ya zamani huila cheni mpya kwa muda mfupi.

Hapa fundi alitunyanyulia kidole chake cha shahada. Ncha yake haipo. Alikuwa kijana, alisema, na injini ilikuwa inazunguka ili cheni ijipitishe yenyewe katika kitambaa. Cheni isisafishwe kamwe huku injini inawaka. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, na vidole viwe mbali na sproketi. Sporti nyingi hazina stendi ya kati, hivyo ni vema kuwa na stendi ya kuinulia nyuma, ambayo mchomeleaji yeyote mzuri huweza kuitengeneza. Asiye nayo aisukume mbele kidogo kidogo na kupaka sehemu kwa sehemu. Itachukua muda zaidi, lakini vidole vitabaki kumi.

Oili, breki na matairi

Oili ya pikipiki si oili ya gari. Katika pikipiki nyingi za gia, oili hiyohiyo huzunguka ndani ya injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi hufanya kazi kwa msuguano. Ikiwekewa oili hizo, huanza kuteleza. Anayenunua atazame kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, na uzito unaotajwa na kitabu. Kiwango chake kipimwe pikipiki ikiwa imesimamishwa wima, kwa kuwa ikiegemea stendi ya pembeni kipimo hudanganya. Oili hukaa kimya mpaka siku injini inapokufa, hivyo tarehe na kilomita za kila mabadiliko ziandikwe ukutani au daftarini.

Breki zikaguliwe kwa macho. Pedi za breki ya diski huwa na mfereji mdogo unaoonyesha kiwango cha kuchakaa. Mfereji ukipotea, pedi zimekwisha, na kinachofuata ni chuma kusaga chuma. Breki ya haba ya nyuma huwa na mshale mdogo penye mkono wake. Ukivuka alama breki inapokanyagwa, viatu vyake vibadilishwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Aina iwe ile iliyoandikwa juu ya kifuniko chake. Na oili ya cheni isidondokee diski wala tairi hata tone moja.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Lolote atakalosema muuzaji kuhusu tairi "jipya", namba hiyo haisemi uongo. Siku tuliyotembea uani kwetu na kukagua, tulikuta matairi mawili yaliyozaliwa kabla vijana wanaoyaendesha hawajaanza sekondari.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya hewa ya bahari. Huingia katika viungio vya nyaya, huozesha bolti na kula fremu kimyakimya. Pikipiki ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila kurushia maji ya nguvu kwenye beringi na viungio vya umeme, kisha ifutwe na kupakwa oili kidogo penye chuma kitupu. Betri ikifunguliwa, waya wa hasi utolewe kwanza na urudishwe mwisho.

Mizani mitatu ya mapambo

Tunafika sasa penye moyo wa kijana. Mapambo si haramu. Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na hatuoni ubaya kijana akipaka rangi nzuri, akibadili kiti kilichochanika, au akiweka vishikio vinavyokaa vema mkononi. Lakini tuliona katika majadiliano yetu kuwa kila badiliko lipitishwe katika mizani mitatu.

Mizani ya kwanza ni usalama. Je, linaongeza salama au linapunguza? Vioo vya pembeni vinavyotolewa ili umbo liwe jembamba humfanya mwendeshaji kuwa kipofu wa nyuma. Usukani ulioshushwa sana huelemeza uzito mikononi na kupunguza wepesi wa kukata kona katika vichochoro vyetu. Tairi pana kuliko rimu yake hupoteza umbo lake na kugusa mahali pasipotakiwa. Taa za ziada nazo ni mtihani. Pikipiki ndogo haizalishi umeme mwingi, na kila taa inayoongezwa hulipwa na betri. Aliyeziunganisha bila fyuzi, au akaziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya sigara, ameweka kiberiti chini ya tangi la petroli. Na taa kali iliyoelekezwa juu humpofusha anayekuja mbele, naye huenda ni baba wa mtu aliyebeba watoto wawili.

Mizani ya pili ni jirani. Badiliko linalopendwa kuliko yote ni kutoboa bomba la moshi au kutoa kizuia sauti kilichomo ndani yake ili pikipiki ingurume. Wengi huamini kuwa kelele ni nguvu. Ukweli ni kwamba injini ilipangwa pamoja na bomba lake. Bomba likibadilishwa bila kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli, mara nyingi injini huchemka zaidi, hupigapiga, na haiongezi mwendo wowote wa maana. Hata kama ingeongeza, tungeuliza bei yake hulipwa na nani. Hulipwa na mtoto mchanga aliyekuwa amelala, na mzee mwenye presha, na mgonjwa, na waumini waliomo katika rakaa. Mtume (s.a.w.) alimwondolea ukamilifu wa imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hatujui kama muungurumo wa saa saba usiku katika kichochoro cha Ngamiani una jina jingine zaidi ya shari.

Mizani ya tatu ni israfu. Kijana mmoja katika darasa letu alipiga hesabu mbele ya wenzake ya alichotumia kwa stika, taa za rangi na rimu. Kiasi hicho kingenunua pedi za breki, cheni na sproketi zake, matairi mawili na kofia ngumu mbili, na baki ingebaki. Wakati anapiga hesabu hiyo, tairi lake la nyuma lilikuwa laini kama kiganja. Fedha iliyotumika kupamba kisicho salama imepotea mara mbili.

Tuongeze jambo moja linalohusu adabu. Vijana wetu, kwa mapenzi ya dini, hubandika stika zenye majina ya Mwenyezi Mungu au aya tukufu. Nia ni njema, lakini tumeona majina hayo kwenye madigadi, yakirushiwa matope, na mengine kando ya kiti, yakiguswa na miguu. Utukufu wa majina hayo ni mkubwa kuliko mapambo. Ni bora pikipiki iwe tupu na ulimi uwe na dua ya safari.

Kinga ya nguo na abiria wetu

Wengi wetu hatukujua ile kinga ya gurudumu la nyuma ilitoka wapi. Pikipiki nyingi tulizonazo zinatoka India, na huko kanuni za magari za mwaka 1989 zinalazimisha kila pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, mahali pa kuweka miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo za abiria zisinaswe. Iliwekwa kwa ajili ya wanawake wa huko wanaovaa sari na kukaa upande. Wetu wanavaa buibui, khanga na juba, na hatari ni ileile. Tunaitoa kwa kuwa hatujui thamani yake, kama mtu anayeng'oa mlango kwa sababu unaficha rangi ya ukuta.

Basi tunawaomba kina mama na dada zetu wasione haya kutazama kabla ya kupanda. Kama cheni haina kifuniko na gurudumu halina kinga, washuke. Penye kinga pia, buibui likusanywe na kukaliwa, ncha za mtandio ziingizwe ndani, na khanga ya mtoto aliyebebwa isiachwe ikining'inia. Kukaa kwa kutanguliza miguu pande zote mbili ni salama zaidi kuliko kukaa upande, na vazi pana lenye suruali ndani huweza kuhifadhi staha na uhai kwa pamoja. Na abiria naye ana kichwa. Kofia ngumu moja kwa watu wawili haitoshi.

Uani ni pa watoto pia

Kazi ya nyumbani ina masharti yake. Petroli isifunguliwe karibu na jiko la mkaa. Mafuta ya taa, mafuta ya breki na petroli visiwekwe kabisa katika chupa za soda au za maji, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa. Oili iliyotumika isimwagwe chini wala mtaroni. Wengi bado tunachota maji visimani, na kinachomwagwa uani hurejea katika ndoo. Ikusanywe katika dumu lenye kifuniko na ipelekwe kwa mafundi wanaoikusanya.

Jambo la mwisho liliulizwa na kijana mdogo kuliko wote, nalo lilitufurahisha. Je, mwenye grisi mkononi udhu wake unasihi? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kitu chenye umbo kinachozuia maji kufika katika ngozi lazima kiondolewe. Grisi nzito na uchafu uliogandamana chini ya kucha ni katika hayo. Ama alama ya mafuta mepesi isiyo na umbo, ambayo maji hupita juu yake na kuigusa ngozi, haidhuru. Kwa hiyo fundi avae glavu, akate kucha, na awe na sabuni ya unga kando. Asingoje adhana ndipo aanze kusugua.

Mkono uliopona

Darasa letu la Jumamosi linaendelea, walhamdulillah, na tunazinasihi kamati nyingine kuanzisha lao. Halihitaji harambee. Linahitaji mzee mmoja mwenye ujuzi, kivuli cha mti, na vijana walio tayari kuchafuka. Wazazi nao tunawasihi: unapomsaidia mwanao kununua pikipiki, mnunulie na spana. Na kila mwezi mara moja toka uani ukamuulize habari za breki, kama unavyomuuliza habari za swala.

Yule kijana ametimiza miadi yake ya malipo mpaka sasa. Siku alipoirudisha kinga, aliipeleka pikipiki mlangoni kwa shangazi yake na kuizima. Tulikuwapo, pamoja na baba yake. Mama yule alitoka, akainama, akaishika ile kinga kwa mkono uleule uliovunjika, akaitikisa kama anayejaribu komeo. Haikutikisika. Kisha akamgeukia kaka yake na kumuuliza kama amekwisha kunywa chai. Waliingia ndani pamoja.

Mpaka leo mama huyo hapandi pikipiki. Huja darasani kwa bajaji, na hatumlaumu. Lakini kila kijana wetu anapopita mbele ya nyumba yake, kwa sauti ndogo ya bomba lililo zima, humsikia akimwombea salama.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu barabarani, atujaalie kuzichunga amana zake, na aziunganishe nyoyo za ndugu waliokosana. Wabillahi tawfiq.